Stata Imekufa: Uifungue Mwenyewe au Umwite Fundi?

Kwanza hakikisha ni stata kweli, ile mota inayozungusha injini ili iwake. Hewa ya chumvi hapa Mombasa hula vichwa vya betri. Ukiona ungaunga wa kijani au mweupe, sugua kabla hujamlaumu mtu. Taa ziking'aa vizuri, ukawasha na kusikia "tak" moja tu, hapo sawa, ishuku stata.

Kwa gharama, wengi hudhani kujifanyia ndiyo nafuu. Si lazima. Ukifanya mwenyewe huokoi ila pesa za ufundi, na aghalabu utanunua stata nzima, iwe mpya au ya mtumba kutoka Japani. Fundi wa umeme wa magari huipasua ile ile ya zamani. Ikiwa kaboni tu, vile vipande vinavyopitisha umeme ndani yake, ndizo zimeisha, anatia nyingine na gari linawaka.

Kwa usalama, fundi yuko mbele. Kebo nene ya stata ina umeme hata swichi ikiwa imezimwa, kwa hiyo kichwa cha hasi cha betri kitoke kwanza. Na kama uani kwako ni mchanga, kama kule Bamburi, jeki itazama. Weka ubao chini yake, na usiingie uvunguni bila stendi.

Muda? Fundi wa "niko njiani" unamjua.

Stata yako ikionekana ukifungua boneti, na spana unazo, jaribu. Mwenye Land Cruiser 100 ya petroli V8, ambayo stata imejificha chini ya manifoldi, yale mabomba ya kuingiza hewa kwenye injini, amwite fundi tu.