Vitabu vya mtumba kuhusu Vita vya Makaburu: uanze na kipi

Sisi tuliokua na redio ya mkulima tulilisikia neno "Kaburu" kila jioni kwenye taarifa ya habari, na maana yake ilikuwa moja tu: mtawala wa ubaguzi wa rangi kule Afrika Kusini. Kwa hiyo nilipoanza kusoma historia yao nilishtuka. Nilimkuta Kaburu mkulima, mzungu wa asili ya Kiholanzi, nyumba yake imechomwa moto na jeshi la Uingereza, mkewe na watoto wako kambini, surua inawamaliza. Vita hivyo vya Makaburu na Waingereza vilianza Oktoba 1899, vikaisha 31 Mei 1902. Makaburu wapatao 28,000 walifia kambini, wengi wao watoto. Waafrika waliwekwa kambi zao peke yao, na vifo vyao vilivyoandikwa vinapita 14,000. Visivyoandikwa ni vingi.

Tangu hapo nanunua vitabu hivi, karibu vyote vya mtumba. Mpangilio ninaoutoa hapa hautazami uadimu. Unatazama kipi kitamfaa msomaji kwa pesa yake.

Cha kwanza, bila kusita, ni shajara ya Sol Plaatje. Alikuwa kijana wa miaka 23, mkalimani wa mahakama mjini Mafeking, mji uliokuwa mikononi mwa Waingereza, Makaburu walipouzingira kwa siku 217. Waingereza walisherehekea kuokolewa kwa Mafeking kana kwamba ndani yake walikuwamo wazungu peke yao. Plaatje anakuonyesha Wabarolong, Waafrika wa hapo hapo, wakilinda mji huku wenzao wanakufa njaa, kwa sababu chakula kiligawiwa kwa rangi. Ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1973 chini ya uhariri wa John Comaroff, na matoleo ya baadaye yakabadilishiwa jina. Kuwa macho hapo: jina kwenye jalada linaweza kutofautiana na shajara ikawa ileile, ukajikuta umenunua kitu kimoja mara mbili. Jalada laini linatosha kabisa.

Cha pili ni "Commando" cha Deneys Reitz, mtoto wa rais wa zamani wa Orange Free State, jamhuri ya Makaburu, aliyeingia vitani akiwa na miaka 17. Aliandika akiwa uhamishoni Madagascar mwaka 1903, lakini kitabu kilitoka 1929. Kinasomeka kama hadithi ya usiku. Kimechapishwa tena na tena, kwa hiyo usikubali kutozwa bei ya toleo la kwanza kwa nakala ya kawaida. Ukikipenda, tafuta pia "Trekking On" cha 1933, kwa kuwa humo anafika kwetu, katika kampeni ya Jenerali Smuts wa Afrika Kusini dhidi ya Wajerumani ya mwaka 1916, vita vilivyowameza wapagazi wetu na kutuachia jina la Kariakoo.

Cha tatu ni "Three Years' War" cha Christiaan de Wet, jenerali wa Makaburu, na hapa ndipo fundisho langu la gharama. Niliagiza chapa mpya ya bei rahisi, ya zile zinazotolewa kwa mashine pale tu mteja anapoagiza. Karatasi nyeupe pee, jalada linang'aa. Nilipofika kwenye ramani nikakuta ukurasa wenye mikunjo na nusu ya mji: aliyepiga skani hakuifungua, aliipiga ikiwa imekunjwa vilevile. Toleo la 1902 lina picha ya De Wet iliyochorwa na John S. Sargent, michoro minne ya mapigano na ramani moja. Vita vya msituni bila ramani ni majina matupu ya mito na vilima. Tangu siku hiyo naona heri nakala kuukuu yenye madoa ya kahawia na mgongo uliolegea, mradi kila kitu kimo, kuliko mpya iliyokatwa vipande.

Cha nne, "The Boer War" cha Thomas Pakenham cha mwaka 1979, ndicho cha kukuunganishia vipande. Ni kinene, na nakala hazikosekani. Toleo lenye picha nyingi la miaka ya 1990 limefupishwa, kwa hiyo ukitaka maelezo kamili chukua lile la awali.

Kisha Emily Hobhouse, mwanamke wa Kiingereza, "The Brunt of the War and Where It Fell", cha 1902. Aliziona kambi kwa macho yake. Ningekiweka juu zaidi kama toleo la zamani lisingekuwa ghali. Nunua chapa ya marudio, baada ya kuhakikisha kurasa zote zimo.

"The Great Boer War" cha Arthur Conan Doyle, yule mtunzi wa Sherlock Holmes, nakiweka mwisho. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na yeye alivutia kwa Uingereza waziwazi. Tena alianza kukitoa 1900, vita vikiwa bado vinaendelea, akawa anakiongezea kila chapa. Ukiletewa nakala ya 1900, nusu ya pili ya vita haimo. Tafuta ya 1902. Yale majuzuu saba ya gazeti la Times yaache kwanza: usafirishaji wake utakula bajeti ya mwaka.

Kabla ya kulipa, mwandikie muuzaji. Mwombe picha ya ukurasa wa jina, picha ya mgongo, na picha ya ramani ikiwa imefunguliwa yote mezani. Muulize kama kitabu kimewahi kuwa cha maktaba, maana vya maktaba huwa na mihuri na mara nyingine picha zimechanwa, ingawa bei yake hushuka sana. Muulize pia kuhusu ukungu. Kitabu chenye ukungu kikikaa rafu moja na vingine katika joto la pwani, baada ya masika utakuta umehamia kwa jirani zake.