TAHADHARI: Darasa la juu la keki mnalotangaziwa mtandaoni, msitume hela kabla hamjasoma hii

Jamani wapishi wenzangu wa keki, hasa nyie mliomaliza darasa la mwanzo, mnajua kuoka, mnajua kupaka krimu ikakaa sawa na sasa mnatafuta pa kujiendeleza, kuna watu wanawawinda nyie kabisa. Wanajua mna kiu ya fondanti (ule unga wa sukari uliokandwa, unasukumwa kama chapati na kufunikia keki) na maua ya sukari, wanajua mteja wa harusi akija mnamkwepa kwa kuogopa keki ya ghorofa (keki zilizopandanishwa) kulala njiani, na hapo ndo wanapowakamatia.

Mchezo uko hivi. Tangazo linapita Insta na kwenye status za watu, darasa la juu siku tano, mwalimu anatoka Dubai, cheti cha VETA (mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi), vifaa bure, ada 350,000, nafasi zimebaki chache na ukitanguliza nusu leo unapunguziwa. Mimi na mdogo wangu tulilipa. Kufika ukumbini hapa Dar tunaambiwa mwalimu wa Dubai kapata dharura, kaletwa dada mwingine ambaye siku nzima anatufundisha kupiga majarini na sukari ya unga, kitu ambacho hakuna hata mmoja pale alikuwa hakijui. Siku ya fondanti tuko karibu watu thelathini, kila mtu kakatiwa kipande cha kujaa kiganja, hapo utajifunza kufunika keki gani? Maua ya sukari yakaja kwenye boksi yameshatengenezwa, tukaambiwa tupige nayo picha. Na ile keki ya ghorofa tatu ilikuwa stairofomu tupu, lile povu gumu jepesi la kufungashia vitu. Sikatai, stairofomu ni nzuri kwa kujifunza mapambo, ila haina uzito, haizami, sasa utajuaje vijiti vya kubeba ghorofa ya juu vinakatwaje na vinakaa wapi? Na hicho ndo kitu watu walilipia!

Cheti sasa. Dada mmoja akauliza tu kwa adabu namba ya usajili wa chuo, akatolewa kwenye grupu la darasa hapo hapo. Vyuo vya ufundi nchini vinasajiliwa na NACTVET (baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi), kwahiyo mtu akikutajia cheti cha serikali muombe namba ya usajili uende ukaulizie huko au VETA wenyewe, nembo kwenye karatasi mtu yeyote anachapisha. Na darasa la mtaani lisilo na cheti cha serikali sio lazima liwe baya, kuna kina dada wanafundisha majumbani kwao wanafunzi wachache na unatoka umeiva kweli, shida ni huyu anayedanganya.

Zile picha za keki walizotangazia nilikuja kuzipitisha Google Lens (inatafuta picha ilikotoka mtandaoni) baadae, nyingi zikatokea kwenye kurasa za waokaji wa nje huko miaka ya nyuma. Fanyeni hivyo KABLA ya kulipa, ni dakika chache tu. Omba na video ya mwalimu mwenyewe anafanya kazi, sura inaonekana na mikono inaonekana, na omba uongee na wanafunzi waliopita kwa simu, sio meseji za sifa alizopiga skrinshoti yeye.

Halafu muulize maswali ya kazi, hapa ndo matapeli wanapoanguka. Muulize ganashi (chokoleti iliyoyeyushwa na krimu, ya kupaka keki) ya chokoleti nyeupe anaweka chokoleti kiasi gani kwa krimu, anayejua atakwambia kama 3 kwa 1 wakati nyeusi ni 2 kwa 1 kwa sababu nyeupe ni laini zaidi, na kwa joto letu la Dar ataongeza chokoleti ndo kona zisimame. Muulize fondanti ikitoka kwenye friji inatoa jasho kwanini na anafanyaje. Muulize batakrimu ya meringi ya Uswisi (krimu ya siagi na ute wa yai uliopashwa na sukari kisha ukapigwa) ute wa yai anaupasha mpaka nyuzi ngapi, wengi hufika kama 71, kwa usalama wa mlaji. Akikujibu "utajua darasani dia" kimbia. Muulize pia wanafunzi wangapi kwa mwalimu mmoja, na kila mtu anafunika keki yake mwenyewe au mnaangalia.

Hela ikiombwa kwa namba ya mtu binafsi na jina linalotokea sio la aliyetangaza, usibonyeze. Kama tayari umetuma, pigia mtandao wako wa simu haraka waizuie kabla haijatolewa, usifute meseji wala muamala, ripoti polisi, na meseji za kitapeli zinatumwa bure kwenda 15040 ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano).

Tulivyodai chetu tukajibiwa ada hairudishwi, kisha tukablokiwa. Mdogo wangu ile hela aliitoa kwenye mtaji wake wa unga na mayai, ndo maana imeniuma hivi.

Wameshafungua ukurasa mwingine kwa jina jipya, tangazo ni lile lile neno kwa neno ila mwalimu sasa anatoka Uturuki na ada imeshuka hadi 250,000. Wanasema wanaanza mwisho wa mwezi huu. Ukiliona usilipe, na mwambie na mwenzako uliyesoma naye darasa la mwanzo.