Tekken ipi ununue ukiwa Dodoma: matoleo kwa mpangilio wa thamani yake

Mtu akiuliza anunue Tekken ipi, mara nyingi hutajiwa toleo jipya kuliko yote. Kwa wakazi wengi wa Dodoma jibu hilo si sahihi. Tekken ni gemu ya mapigano ya watu wawili waliokaa bega kwa bega mbele ya TV moja. Toleo linalokufaa ni lile ambalo mdogo wako, jirani yako wa Nkuhungu au mwenzako wa hosteli pale UDOM anaweza kushika pedi ya pili na kukupa upinzani jioni hii hii. Nimepanga matoleo haya kwa kuangalia mambo matatu: nani yupo wa kucheza naye, mashine yake inapatikana na kutengenezeka hapa mjini au la, na utaendelea kulipia nini baada ya kufika nyumbani.

Kabla ya kupanga, kuna jambo moja linaloufanya mfululizo huu uwe rahisi kwa mnunuzi. Kampuni ya Kijapani ya Namco walipoitoa Tekken ya kwanza kwenye mashine za kumbi za michezo mwaka 1994, kisha PlayStation mwaka 1995, walikipa kila kiungo cha mwili kitufe chake. Mraba ni mkono wa kushoto, pembetatu ni mkono wa kulia, ekisi ni mguu wa kushoto, duara ni mguu wa kulia. Utaratibu huo haujabadilika mpaka leo. Ile ngumi nzito ya mpiganaji Paul Phoenix, unayoipata kwa kuzungusha kidole kutoka chini kwenda mbele kisha pembetatu, iko pale pale. Aliyejifunzia Tekken 3 kwenye banda la gemu kule Chang'ombe anaweza kukaa mbele ya Tekken 8 na asiwe mgeni kabisa. Kwa hiyo ukianza na toleo la zamani hupotezi muda, mikono yako itahama nawe.

Nafasi ya kwanza: Tekken 7 ya PS4 (PlayStation 4), sidii halisi iliyotumika

Ilitoka kwenye kumbi mwaka 2015, na nyumbani tarehe 2 Juni 2017. Hii ndiyo ninayompendekezea karibu kila mtu.

Sababu ya kwanza ni mchezo wenyewe. Damu ya mpiganaji wako ikikaribia kuisha, unapewa pigo moja kubwa linaloweza kugeuza raundi nzima. Na pale wote wawili mmebakiza damu kidogo mkarusha mapigo kwa wakati mmoja, picha hupungua kasi, ngumi zinasogea taratibu, na chumba kizima kinasimama kuona ipi itafika kwanza. Hakuna toleo la kabla yake linalowafanya watazamaji wapige kelele namna hiyo. Mgeni anayeshindwa naye haachwi bila tumaini, kwa sababu hata akiwa na damu kiduchu bado anaweza kukupindua.

Sababu ya pili ni soko. PS4 zilizotumika zipo madukani katikati ya mji, na mafundi wameshazizoea. Nyingine hupatikana kwa wanafunzi wanaomaliza chuo wakitaka kupunguza mizigo kabla ya kurudi kwao. Sidii yake ukiichoka unaiuza au unabadilishana na mtu. Ukinunua kwa kupakua mtandaoni, huna cha kumwuzia mtu. Na siku ukipata PS5 yenye sehemu ya sidii, sidii hiyo hiyo ya PS4 itacheza humo.

Sasa mapungufu, maana yapo. Kwa anayecheza peke yake ni toleo lenye chakula kichache: hadithi ya ugomvi wa Heihachi Mishima na mwanawe Kazuya inaisha haraka, na safari ya kupigana na mashine ina hatua tano tu. Pili, baadhi ya wapiganaji wanaopendwa hawamo kwenye sidii ya mwanzo. Lei Wulong, Anna Williams, Julia Chang, Armor King na Marduk waliuzwa baadaye mmoja mmoja au kwa mafungu. Kama mtu wako ni Lei, mwulize muuzaji kabla ya kutoa pesa. Eddy Gordo yumo bila malipo ya ziada, na kwa Tanzania hilo si jambo dogo. Karibu kila banda la gemu lina mtu ambaye silaha yake pekee ni mateke ya kapoera ya yule Mbrazili.

Kwa wenye kompyuta ya mezani: Tekken 7 inataka angalau kadi ya michoro ya daraja la GTX 660 na RAM ya GB 6. Laptopu ya ofisini isiyo na kadi yake ya michoro usiitegemee.

Toleo hili pia limethibitisha kwamba bingwa anaweza kukulia popote. Mwaka 2019 Arslan Ash kutoka Lahore, Pakistan, alichukua mashindano makubwa ya gemu za mapigano, Evo ya Japani na Evo ya Marekani, mwaka huo huo, akiwapita Wakorea na Wajapani waliozoea kutawala. Alikomaa kwenye kumbi za mtaani kwao, akipigana na watu wa mtaani kwao. Kijana wa Makole mwenye wapinzani wanne wazuri wa kucheza nao uso kwa uso ana mwanzo mzuri kuliko mwenye mashine ya bei mbaya anayecheza peke yake.

Nafasi ya pili: Tekken 5 ya PS2

Bajeti ikiwa ndogo, usisononeke. Tekken 5, iliyofika PS2 mwaka 2005, kwangu ndiyo iliyokamilika zaidi kati ya zote za zamani, na ndani yake kuna Tekken ya kwanza, ya pili na ya tatu, zile za kwenye kumbi. Sidii moja, gemu nne za mapigano. Juu yake kuna safari ya Devil Within unayozunguka na Jin Kazama peke yake, na unaweza kuwavalisha wapiganaji nguo na mapambo kwa pesa unazoshinda ndani ya gemu.

Ubora wake unaeleweka vizuri ukijua kilichotangulia. Tekken 4, iliyofika PS2 mwaka 2002, ilijaribu kubadilisha mambo mengi kwa mpigo: kuta za kumbanizia mpinzani, na sakafu zenye miinuko na vizuizi. Kuta zilikuwa wazo zuri. Miinuko iliharibu hesabu, kwa sababu kombo (mfululizo wa mapigo) uliyoizoea ilikatika ovyo kutegemea umesimama wapi. Tekken 5 ilibakiza kuta, ikasawazisha sakafu, ikarudisha kasi ya Tekken 3. Ndiyo maana hata leo haichoshi. Jiandae tu kwa Jinpachi, adui wa mwisho, anayekugandisha halafu anakurushia moto unaotoka tumboni mwake. Huyo hana huruma, na watoto wadogo atawaliza.

PS2 iliacha kutengenezwa zaidi ya miaka kumi iliyopita, kwa hiyo unanunua mashine iliyochoka. Lenzi inayosoma sidii ndiyo ya kuchunguza. Mwambie muuzaji aweke sidii mbele yako, cheza raundi kadhaa, badilisha wapiganaji ili isome upya. Ikikwama au ikitoa mlio wa kukwaruza, achana nayo. Lenzi iliyochoka husumbuka zaidi na sidii za kuchoma kuliko sidii halisi, kwa hiyo usikubali maneno ya "ni sidii tu hiyo" bila kujaribu nyingine.

Nafasi ya tatu: Tekken 8

Kwa macho, hakuna inayoikaribia. Ilitoka tarehe 26 Januari 2024 ikiwa na wapiganaji 32, kwa PS5, Xbox Series na kompyuta. Hakuna ya PS4, na muuzaji akikuambia anayo, ondoka dukani kwake. Kilichoongezwa kikubwa ni Heat: kila raundi unaweza kuwasha hali inayokupa mapigo makali zaidi, na hata mpinzani akikinga anapungukiwa damu. Mchezo unamsukuma mtu ashambulie, na aliyezoea kukaa nyuma akisubiri kosa atapata tabu. Kwa mgeni kuna Special Style, inayompa mapigo mazuri kwa kubonyeza kitufe kimoja. Shangazi asiyewahi kushika pedi anaweza kucheza na kufurahia.

Nimeiweka ya tatu kwa sababu ya gharama inayoendelea. Inakula kiasi cha GB 100 za hifadhi, na kwenye PS5 hiyo ni sehemu kubwa. Apdeti zake ni nzito, na kama nyumbani unategemea bando la simu utalia. Kucheza mtandaoni kwenye PS5 kunataka ulipie PS Plus, huduma ya PlayStation ya kulipia kila kipindi. Na Eddy safari hii hayumo: alikuja Aprili 2024 kama mpiganaji wa kulipiwa, kisha wakafuata Lidia, Heihachi na wengine. Kama una faiba nyumbani, PS5 tayari ipo na kuna watu wawili watatu wa kucheza nao, ichukue leo, ni gemu bora. Kama unataka kununua PS5 kwa ajili ya Tekken peke yake, rudi nafasi ya kwanza, na pesa inayobaki nunua pedi na TV nzuri.

Zinazobaki

Tekken Tag Tournament 2 ya PS3, ya mwaka 2012, ingeweza kuwa juu zaidi kama PS3 nzima zingekuwa rahisi kupata. Ina wapiganaji zaidi ya 50, na watu wanne wanaweza kucheza wawili kwa wawili. Ukiwa na pedi nne na nyumba yenye watoto wengi, hii ndiyo yenu. Ina mengi ya kujifunza, maana unasimamia watu wawili kwa wakati mmoja, na mmoja wao akianguka raundi imekwisha.

Tekken 3, ya mwaka 1998 kwenye PlayStation ya kwanza, ndiyo iliyowafundisha wapiganaji wote kukwepa kwa kuingia pembeni, na ndiyo iliyowaleta Jin, Hwoarang, Xiaoyu na Eddy. Ukinunua Tekken 5 unaipata ile ya kwenye kumbi, ila bila mpiganaji Gon na bila mchezo wa mpira wa ufukweni, kwa sababu hivyo vilikuwa vya nyumbani tu. Sidii ya PlayStation ya kwanza inasoma kwenye PS2, basi ukiikuta halisi na haijachubuka, ichukue. Kwenye simu watu wanaicheza kwa emuleta, yaani programu inayoiga mashine ya zamani, lakini vitufe vya kioo havitoshi kwa gemu hii, na wawili hamwezi kugawana simu moja.

Tekken 6, ya mwaka 2009 kwa PS3 na Xbox 360, inamwadhibu mgeni: mpinzani anayejua anakupigiza chini, anakuokota tena, na wewe unatazama damu ikiisha bila kupata nafasi ya kusimama. Ya PSP, ile PlayStation ya mkononi, ni nzuri kwa safari ya basi. Tekken Tag ya kwanza ni burudani ya bei ndogo kwa mwenye PS2 tayari. Tekken 4 wanunue wanaokusanya mfululizo wote.

Umeme, vumbi na TV

Mashine zilizotoka Japani, hasa PS2, nyingine ni za volti 100. Ukiichomeka kwenye volti 230 za TANESCO inaungua papo hapo. Soma kibandiko cha nyuma au cha adapta kabla ya kuwasha. Kama umeme wa mtaa wenu unapanda na kushuka, weka stabilaiza.

Kiangazi cha Dodoma ni kirefu, na upepo wake unabeba vumbi. PS4 inavuta hewa muda wote, na vumbi likishika feni mashine inaunguruma kama treni kisha inajizima kwa joto. Kabla ya kununua iliyotumika, iache icheze gemu kwa nusu saa dukani na usikilize feni. Ukishaifikisha nyumbani iweke juu ya meza, mbali na dirisha, na ipeleke kwa fundi aipulize kila kiangazi.

TV watu wengi huisahau. Tekken inakwenda kwa picha 60 kwa sekunde, na ngumi ya haraka kabisa inafika baada ya picha 10 hivi, yaani sehemu ya sita ya sekunde. TV bapa ya bei rahisi inaweza kuchelewesha picha kiasi cha kukufanya uone ngumi ikiwa imeshakufika. Ingia kwenye mipangilio, tafuta hali ya gemu, iwashe. Kwa PS2, TV ya chogo bado ni nzuri kuliko flati nyingi, kwa sababu haina ucheleweshaji huo, na zile nyaya za njano, nyeupe na nyekundu zinaingia moja kwa moja.

Bajeti ya pedi ya pili iweke tangu mwanzo, na isiwe mbovu unayompa mgeni. Jaribu vishale vyote vinne, hasa chini na mbele kwa pamoja, maana huko ndiko pedi za kuigiza hufa mapema. Ukienda Kariakoo kwa SGR na kurudi utapata chaguo pana zaidi, lakini kama pedi ikifa wiki ya pili muuzaji yuko mbali. Ya Dodoma unairudisha mchana huo huo, mradi uliomba risiti.