Uzoefu wangu wa kukata bima ya kiwanda cha mafuta ya mimea, Kariobangi

Fomu ya kwanza ya bima ya kiwanda changu sikuijaza mimi. Aliijaza wakala, kwenye mkahawa mmoja wa katikati ya jiji, chai yake ikipoa pembeni. Palipoulizwa aina ya biashara akaandika maneno matatu: duka la vipodozi. Nikamwambia, "Kaka, mimi sina duka. Mimi nakeneka mafuta." Akacheka. "Dada, ukiandika kiwanda ada itapanda mara tatu. Andika duka, ulale usingizi wako." Nikatia saini.

Niko Kariobangi Light Industries, hapa Nairobi, nyuma ya mafundi wa vyuma. Tuko watu sita. Tunakeneka mkaratusi, mchaichai na rosemari kwa mvuke wa boila, halafu ubani wa Samburu tunaulowesha kwenye ethanoli, ile pombe kali ya viwandani, kwa sababu sehemu nzito za utomvu wake mvuke hauzibebi. Hapo ndipo tunapopata mafuta ya kuchua, marhamu na sabuni. Harufu yake hutoka nje hadi barabarani. Siku moja askari wawili waliingia wakisema wananusa bangi, na mmoja akainama kabisa akachungulia mtambo, nadhani alitarajia chang'aa. Waliondoka na kopo moja la mafuta ya mgongo. Walililipia, niseme ukweli.

Julai 2023 mpira wa kupitishia ethanoli ulichomoka, ikamwagika sakafuni, na swichi ya ukutani ikatoa cheche. Watu hudhani baridi ya Julai inasaidia. Ethanoli safi huanza kutoa mvuke wa kushika moto kwenye nyuzi joto 13 hivi, na ndani ya chumba chenye boila hakuna asubuhi inayofika huko. Hakuna aliyeungua. Tulipoteza pampu, rafu mbili na bidhaa zilizokwisha fungashwa, jumla kama Sh310,000.

Asesa wa kampuni ya bima, yule anayekadiria hasara, alikuja siku ya nne. Mtu mpole sana. Alipiga picha rafu mbili, kisha akapiga picha kumi za mtambo. Akauliza, "Mama, hiki kitu kimekuwa hapa tangu lini?" Nilipomjibu nilijua mambo yameisha. Barua ilifika baada ya wiki tano: kilichoungua ni kiwanda, na wao walikatia bima duka. Nimewahi kuwalaumu hadharani, na kwa haraka yao ya kupokea pesa bila hata kuja kuangalia bado nawalaumu. Lakini saini ilikuwa yangu. Mkataba wa bima husimama juu ya kusema kweli yote kabla ya kulipa, na uongo wa wakala ulipokuwa juu ya saini yangu ulikuwa wangu.

Nilipomweleza mtoto wa mjomba aliye Denver, jimbo la Colorado, Marekani, hakushangaa. Yeye hufanya kazi kwenye kiwanda cha kukamua mafuta ya bangi. Kule Colorado wananchi waliipigia kura ya kuiruhusu mwaka 2012 na maduka yakafunguliwa Januari 2014, lakini sheria ya serikali kuu ya Marekani bado inaikataza, kwa hiyo kampuni nyingi kubwa za bima hazitaki hata kupokea simu. Lloyd's ya London, soko kubwa la bima, ilijiondoa kwenye biashara hiyo ya Marekani mwaka 2015. Waliobaki ni wale wanaobeba hatari ambazo wengine wamezikataa, na kila neno kwenye karatasi zao lina bei. Watu wa namna hiyo husoma mkataba wa bima kama sisi tunavyosoma hati ya shamba.

Alinisimulia kesi iliyoamuliwa na mahakama ya shirikisho huko Colorado mwaka 2016. Biashara moja ya bangi, Green Earth, ilidai fidia baada ya moshi wa moto wa msituni wa 2012 kuharibu mali yake. Kampuni ya bima ilisema, pamoja na mengine, kwamba bidhaa yenyewe ni haramu. Jaji hakukubali hoja hiyo iwe njia ya kukwepa mkataba walioutia saini wenyewe. Ila mimea iliyokuwa bado kwenye udongo haikulipwa, kwa sababu mkataba ulitenga mazao yanayoota. Iliyokwisha vunwa ilihesabiwa kuwa bidhaa ya biashara. Mmea ule ule, mwenye mali yule yule, na tofauti yote ni kwamba huu umekatwa na ule haujakatwa.

"Dada," akaniambia, "usiulize bei kwanza. Uliza hivi: karatasi yao inaiitaje kazi yako? Na mzigo wako ukiwa nusu njia, si majani tena na bado si mafuta, unaitwa nani?"

Nikaanza upya. Safari hii nilikwenda kwa broka badala ya wakala. Wakala anauza kwa niaba ya kampuni, broka anazunguka kwa niaba yako, ingawa kamisheni yake analipwa na kampuni hiyo hiyo, jambo ambalo ni vizuri kulikumbuka anapokusifia kampuni fulani. Nilihakikisha kwanza kwamba jina lake liko kwenye orodha ya IRA, Mamlaka ya Kudhibiti Bima, ya waliopewa leseni. Dakika tano tu, kwenye simu.

Kampuni ya kwanza ilikataa ilipolisikia neno ethanoli. Sina neno nao.

Ya pili ilituma bei kwa WhatsApp siku hiyo hiyo, Sh38,000 kwa moto na wizi, na hawakuomba hata picha. Nilitaka kulipa, maana nilikuwa nimechoka. Broka akanionyesha ukurasa wa saba: sharti kwamba hakuna kimiminika chochote chenye kushika moto kitakachowekwa ndani ya jengo. Pipa langu la lita 200 liko hapo kila siku ya Mungu. Ningelipia mwaka mzima bima ambayo haikuwahi kuwa hai hata asubuhi moja.

Ya tatu walimtuma mkaguzi. Mama wa makamo, viatu vya kazi, tochi mkononi. Alikaa saa mbili na nusu. Alinusa mifereji, akasoma lebo ya pipa, akauliza stima inaingilia wapi na nani huzima boila jioni. Kisha akataka cheti cha zimamoto cha kaunti, karatasi ya usajili wa mahali pa kazi kutoka DOSH, idara ya usalama kazini, na vibali vya KEBS, shirika la viwango, vya bidhaa zangu. Akasema pipa litoke ndani likakae kwenye kizimba cha wavu nje, chini ya paa, mbali na boila, na swichi za chumba cha ethanoli zihamishiwe upande wa pili wa ukuta. Kazi hiyo ilinigharimu Sh95,000 kabla sijalipa hata shilingi ya bima. Nilinung'unika wiki nzima. Fundi wa stima alipofungua swichi ya zamani tukakuta nyaya zimekuwa nyeusi kama mkaa.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa thamani ya mtambo. Haukununuliwa dukani. Ulitengenezwa hapa hapa, na fundi wa jua kali ambaye hatoi risiti, na nilimlipa kidogo kidogo kwa M-Pesa kwa miezi minane. Hesabu yangu, pamoja na mashine nyingine, ilikuja Sh2.4 milioni. Mkaguzi akaniuliza kuuunda leo ni pesa ngapi. Tukamwita fundi, akapiga hesabu kwa bei za sasa za chuma kisichoshika kutu, na pamoja na boila na pampu ikafika milioni nne. Nilitaka tubaki na 2.4 ili ada iwe ndogo. Hapo broka alichukua kalamu na kuandika nyuma ya bahasha: mali ya milioni nne ukiikatia bima ya 2.4, umekata asilimia 60. Ukipata hasara ya Sh500,000, watakulipa asilimia 60 yake, yaani Sh300,000, kisha waondoe eksesi, ile sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe. Hasara ndogo, na bado unapunjwa. Mimi nilikuwa nikiamini kwamba mradi hasara haijazidi 2.4 nitalipwa yote, na nimekuta wenzangu wengi hapa Light Industries wanaamini hivyo hadi leo. Fundi aliandika makadirio yake, akapiga muhuri (ilibidi kwanza akachonge muhuri), tukaambatisha taarifa za M-Pesa na picha. Wakakubali milioni nne.

Nilichochukua mwishoni: moto na majanga mengine pamoja na mafuriko, maana mvua za Aprili 2024 tuliona Mathare ilivyosombwa, kuharibika kwa boila, hasara ya kusimama kwa kazi kwa miezi sita, dhima ya bidhaa, yaani mteja akidhurika na bidhaa yangu, na WIBA, bima ya wafanyakazi wanaoumia kazini. Hiyo ya mwisho si hiari. Sheria ya 2007 inamtaka mwajiri awakatie bima wafanyakazi wake, na ulemavu wa kudumu au kifo hupigiwa hesabu ya mishahara ya miezi 96. Zidisha mwenyewe kwa mshahara wa kijana wako mmoja uone kama una pesa hizo mfukoni. Jumla ya ada ilikuwa Sh142,600, juu yake asilimia 0.2 ya tozo ya mafunzo, asilimia 0.25 ya mfuko wa kuwafidia wenye bima, na stempu ya shilingi 40. Bima haianzi kabla ya kulipa. Broka aliniletea mkopo wa benki wa kulipia ada kwa awamu. Nilipoona riba nikauza akiba ya sabuni nikalipa taslimu.

Kwenye dhima ya bidhaa niliuliza swali jingine la Denver: mnahesabu siku mteja alipodhurika au siku alipoleta malalamiko? Mkataba wangu unahesabu siku ya malalamiko. Maana yake, nikiacha kuulipia, mtu aliyebabuka ngozi mwaka jana akaja leo, niko peke yangu. Na mzigo ulio nusu njia? Waliandika kwa jina: majani yaliyolowekwa, mafuta yasiyochujwa, yote yanahesabiwa kama bidhaa kwa gharama ya kuifikisha hapo ilipo, si kwa bei ya kuuzia. Nilibishana kidogo, sikushinda.

Kuna shimo nililolikosa. Juni 25, 2025, siku ya maandamano, duka linalouza bidhaa zangu katikati ya jiji lilivunjwa likaporwa, na katoni zangu 22 zikaenda. Mkataba wangu ulikuwa na mambo mawili dhidi yangu: mzigo uliokuwa kwenye jengo la mtu mwingine haukutajwa, na vurugu za kisiasa zinahitaji bima yake tofauti. Broka hakuwahi kuniuliza bidhaa zangu hulala wapi zikitoka Kariobangi. Nilimwambia wazi kwamba hilo lilikuwa swali lake, si langu.

Lakini WIBA nimeijaribu. Februari mwaka huo kijana wa boila alimwagikiwa na maji ya moto mkononi. Tuliripoti siku ile ile, broka akatujazia fomu za DOSH, hospitali ikalipwa, na fidia ya siku alizokaa nyumbani ilifika baada ya wiki saba. Kijana alirudi kazini na fulana mpya ya timu yake, akasema fulana hiyo amenunuliwa na bima.

Broka nampa nane kwa kumi. Anachelewa kujibu barua pepe, na hati kamili ya bima ilinifikia wiki sita baada ya malipo. Muda wote huo nilikuwa na karatasi moja ya muda. Kampuni nayo saba. Mkaguzi yule, kumi na ushee.

Wapo walioniuliza, baada ya kusikia habari za Denver, kama broka huyu anaweza kumkatia bima mtu wa bangi hapa Nairobi. Hapana. Sheria yetu ya dawa za kulevya ya 1994 bado iko, na hakuna kampuni yenye leseni itakayobeba biashara hiyo. Lesotho ilianza kutoa leseni za bangi ya tiba mwaka 2017, Malawi ikapitisha sheria yake 2020. Mwenye hamu aanzie huko.

Mwezi ujao nafanya upya. Naongeza vurugu za kisiasa na mzigo ulio kwa wauzaji wangu, na rosemari nayo sasa tunailowesha kwenye ethanoli, kwa hiyo mapipa yamekuwa mawili. Fomu ina mistari miwili ya kuelezea aina ya biashara. Nimeambatisha karatasi tatu, na picha ya kizimba.