Baraza la Mji wa Kale au ukuta wa Nyali?

Kipi humlinda mtu zaidi dhidi ya uhalifu mtaani? Ukipita Mji wa Kale wa Mombasa jioni, utasalimiwa kabla hujafika kona. Vichochoro ni vyembamba, milango inatazamana, wazee wanapiga soga barazani, yaani penye viti vya mawe mbele ya nyumba, muuza kahawa anagonganisha vikombe, na juu kuna roshani. Mgeni huonekana mara moja. Kibaka hapo haogopi askari tu, anaogopa kuulizwa, "Wamtafuta nani, mwanangu?"

Nyali, mtaa mwingine wa Mombasa, kuna kuta ndefu zenye vipande vya chupa juu, geti la chuma na bawabu. Ndani kuna usalama, sikatai. Lakini anayetembea nje amebaki na ukuta tu, na akiporwa simu hakuna dirisha la kumwona.

Kuishi karibu karibu pekee hakutoshi, lakini. Mtaa wa nyumba za umma wa Pruitt-Igoe kule St. Louis, Marekani, ulikuwa na majengo 33 ya ghorofa 11. Korido na ngazi zake hazikuwa na mwenyewe, uhalifu ukazagaa, na mwaka 1972 wakaanza kuyabomoa. Umaskini na ukosefu wa matengenezo vilichangia pia.

Mimi nachagua baraza. Na anayejenga ukuta leo, angalau aache uwazi wa kuiona barabara, aweke na taa nje ya geti.