Picha za sinema za zamani darini Mji wa Kale: usiondoke kabla ya kahawa

Nimeenda mara nne sasa na kila nikiulizwa nasema nitaandika, bas leo naandika. Ni Mji wa Kale, Mombasa, waingia kichochoroni kutoka Ndia Kuu, wapanda ghorofa tatu mpaka juu kabisa darini, hapana mabati wala makuti, nyota tu na upepo wa bahari. Kila Jumamosi baada ya Isha waonyesha picha za zamani, nyingi za Kihindi. Kiingilio ni mia mbili, watoto bure, walipa kwa M-Pesa ama keshi. Viti vya plastiki, mikeka mbele, kitambaa cheupe ukutani na projekta juu ya meza.

Picha zenyewe nyingi waweza kuzipata kwa simu, hilo najua. Watu ndio huwapati kwa simu. Ikiisha picha hakuna anayekimbilia ngazi, vijana wageuza viti vikae duara, kahawa chungu yapitishwa bure na kashata, na hapo ndipo shughuli yenyewe yaanza.

Nawapa mfano wa Jumamosi ya Sholay. Picha ya Kihindi ya 1975 hiyo, zaidi ya masaa matatu, na watu walikaa mpaka mwisho. Mwisho wenyewe Thakur, polisi mstaafu ambaye jambazi Gabbar alimkata mikono yote miwili, yuko karibu kummaliza Gabbar kwa miguu, polisi wanatokea wanamzuia na Gabbar anakamatwa. Taa kuwashwa tu, ami mmoja wa makamo ya babangu akasimama akasema hii picha imekatwa, Thakur alimuua Gabbar, nimeona kwa macho yangu. Kelele jamani! Wengine wakamwambia ami umesahau, umri huo, na yeye ashika hapo hapo, asema alikuwa na kanda ya video aliyoletewa na nduguye kutoka Uingereza na ndani yake Gabbar anakufa. Kijana mmoja aliyekuwa kimya muda wote, nadhani ni wa chuo, ndo akaeleza kwa adabu kabisa, ami yuko sawa na hii tuliyoona pia ni sawa. Ramesh Sippy, mwongozaji wa picha, alipiga mwisho ule wa kuua, Thakur na viatu vyake vyenye misumari, lakini India wakati huo ilikuwa chini ya hali ya hatari na bodi ya filamu ikakataa afisa mstaafu wa polisi kujichukulia sheria mkononi, ikabidi wapige mwisho mwingine. Ule wa kwanza ukaja kutembea kwenye kanda. Yule ami alikaa chini akashika mkono wa yule kijana hakuuacha, na tangu siku hiyo wanakaa viti vya pamoja, wallahi nawaona.

Mamangu naye, aliyekuja mara ya kwanza kwa kunisindikiza tu, alikutana na bibi mmoja wa Kibokoni wakaanza kutaja majumba ya sinema ya ujanani mwao, Regal, Naaz, nani alikwenda na nani, buibui gani walivaa, na nyimbo wazijua zote neno kwa neno na Kihindi chenyewe hawakijui. Sai wanapigiana simu katikati ya wiki. Mamangu hajapata rafiki mpya miaka mingi, kwa hivyo kwangu mimi hiyo mia mbili imerudi zamani.

Sasa ya kurekebisha, na nasema kwa sababu napenda mahali hapa. Spika ni moja na iko kushoto, ukikaa kulia maneno yapotea. Ngazi hazina taa, mtu wa magoti mabovu kama mamangu ateremka kwa kupapasa, hilo lishughulikiwe wiki hii hii si mwakani. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza peke yake na pale wako wamama wasiokisoma, mpaka jirani awanong'onezee. Na tafadhali mtuambie mapema ni nakala gani mwaonyesha. Ile picha ya Mughal-e-Azam ya 1960 mlituwekea ile iliyotiwa rangi yote 2004, nzuri kwa macho, lakini ile ya asili sehemu kubwa ni nyeusi na nyeupe halafu mwigizaji Madhubala anapocheza kwenye jumba la vioo mbele ya mfalme, rangi yalipuka ghafla. Ukitia rangi tangu mwanzo ule mshtuko umeuondoa, na ule mshtuko ndio wazee walikuwa wanatusimulia baadaye huku sisi vijana hatuelewi wazungumzia nini.

Viazi karai vyauzwa pale juu, ukwaju wake mzito vile nipendavyo, nendeni na njaa. Usiku tuktuk wapandisha bei, mkubaliane na majirani mchange, sisi wa Likoni twatoka kundi mpaka feri na mazungumzo yaendelea njiani.

Nyota nne kwa tano. Ile ya tano naiweka mpaka mtuletee Sholay iliyosafishwa upya na mwisho wake wa kwanza, imeshaonyeshwa Italia 2025, siku hiyo yule ami ameahidi kulipia safu nzima ya mbele na kiti kimoja tayari amekipa jina la mamangu.