R baada ya miaka tisa: ya bure, kali, haisahau

Kwenye kitambulisho cha kazi nimeandikwa mtakwimu wa afya. Mama yangu hapa Morogoro huwaambia majirani kwamba mwanawe "anafanya mambo ya kompyuta hospitali", nami nimeacha kubisha. Hayo mambo ya kompyuta, kwa miaka tisa sasa, karibu yote ni R, lugha ya kompyuta ya kufanyia takwimu na kuchora chati. Vijana wanaotoka chuo huniuliza kila mara waanze nayo au wabaki na Excel, basi jibu langu ni hili.

Bei ni sufuri. Waliianzisha Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, na toleo la 1.0.0 likatoka Februari 29, 2000. Unachotoa ni bando tu. Vifurushi vyake, yaani programu ndogo za kuiongezea uwezo, mimi hushusha usiku wa manane. Ila jua kwamba R hujaza data yote kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Kwa ile laptopu yangu ya kwanza ya GB 4, nilikuwa nikifungua faili kubwa naenda kusonga ugali, narudi bado inahema.

Kilichonifunga kwake ni chati moja. Tulikuwa na orodha ya watoto wa zahanati kadhaa: tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya BCG, ile chanjo ya kifua kikuu inayoacha kovu begani. Wastani wa siku za kusubiri haukuonyesha tatizo lolote. Nikaandika mistari minne ya ggplot2, kifurushi cha R cha kuchora chati, nikapanga chanjo kwa siku za wiki, kila zahanati na kisanduku chake. Kisanduku kimoja kilikuwa na nguzo moja tu, ndefu: Jumatano. Siku nyingine tupu.

Tukampigia nesi. "Dada, kichupa kina dozi 20. Nikikifungua kwa mtoto mmoja, baada ya masaa sita kilichobaki namwaga. Ndiyo maana nawakusanya."

Hakuwa mvivu, alikuwa anabana matumizi. Lakini aliyejifungua Alhamisi aliambiwa arudi wiki ijayo, na si kila mama hurudi. Kikao cha wilaya kilioneshwa ile nguzo, hakikusomewa ripoti ndefu, na uamuzi ukawa mwepesi: kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja.

Sasa ukali wake. Kwa R, Umri na umri ni vitu viwili, kisa herufi kubwa. Mwaka wangu wa kwanza kuna mtu aliandika "hajui" kwenye safu ya umri wa wajawazito, mara moja tu. Kwa neno hilo safu nzima ikasomwa kama maneno, R ikayageuza kuwa makundi, nami nilipoilazimisha iwe namba ikanipa namba za makundi badala ya miaka. Bila onyo. Nikapeleka ripoti: wastani wa umri, miaka 12 na nusu. Bosi akavua miwani. "Binti, hawa ni wajawazito au darasa la sita?"

Kosa lilikuwa langu, sikukagua data. Toleo la 4.0.0 la mwaka 2020 liliacha kugeuza maneno kimyakimya namna ile, lakini mpaka leo sianzi hesabu kabla sijaipitia kila safu. Na tulilikamata haraka kwa sababu kila hatua niliyopiga ilikuwa kwenye skripti, faili la maagizo niliyoiandikia R, mstari kwa mstari. Kwa kubofya na kuburuta, ungeanzia wapi kutafuta? Mwaka huohuo wa 2020, Uingereza ilichelewa kuhesabu wagonjwa 15,841 wa Uviko kwa sababu faili la Excel la aina ya zamani halibebi zaidi ya mistari 65,536.

Kwa anayeshika data za TDHS, ule utafiti wa kitaifa wa afya unaopita kaya kwa kaya: gawanya safu ya v005 kwa 1,000,000 upate uzito, yaani kiasi ambacho kila jibu lihesabiwe, halafu tumia kifurushi kiitwacho survey. Zanzibar huchukuliwa kaya nyingi kuliko uwiano wake, makusudi kabisa, na ukisahau uzito itakuvutia Tanzania nzima upande wake.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano naishikilia. Ijumaa iliyopita R imeniambia kitu ninachokitafuta hakipo, na mimi nakiona pale pale kwenye skrini. Robo saa nzima. Nilikuwa nimekiandika kwa herufi kubwa.